Mahindi Nyuma ya Turubai

Jumatatu, 13 Oktoba

Redio imeniharibia chai. Kamati ya bajeti ya jimbo inataka kuchukua fungu la kilimo na kulipeleka kwenye rond-point mpya, mzunguko wa barabara kule mjini. Rond-point yenye maji ya kuruka na taa za rangi! Fungu hilo ndilo linalotuletea trekta ya kulima mvua zikianza, na mbegu, na mbolea. Bila fungu hakuna trekta. Bila trekta ni jembe la mkono. Jembe la mkono na mgongo wangu hatujapatana tangu zamani. Chai nimeimaliza hata hivyo, maana mkate ulikuwa na siagi.

Mchana, mkutano wa ushirika wetu wa wakulima. Nimesimama wa kwanza. Nimesema lazima serikali ishawishiwe, na kazi ya kushawishi inataka mtu mwenye sauti, mwenye suti, mwenye Kifaransa. Kisha nikakaa na kukohoa kidogo, ili wanitaje. Wakamtaja Mama Bilonda! Mama Bilonda wa bustani za bondeni, muuza kabichi na lengalenga. Mikono yote juu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Brigitte, mke wangu wa ndoa, niliyefunga naye kanisani.

Njiani nimemwuliza kwa nini. Amesema Mama Bilonda akiongea watu wanaelewa. Sikuona jibu hilo linahusu nini. Mimi wamenipa cheo cha mshauri. Mshauri ni mtu mkubwa, ukifikiri vizuri.

Kumbe Mama Bilonda ameshaanza. Ameongea na Honorable Adèle Mushiya, mbunge anayeandika ripoti ya kamati. Honorable hununua lengalenga kwake, basi wakaongea hapohapo sokoni juu ya fungu la mboga! Atakuja Jumamosi kuona mashamba kwa macho yake, ndipo aiambie kamati la kufanya. Nimemwuliza Mama Bilonda anaandaa nini. Amesema haandai kitu, kizuri chajiuza. Maskini mama wa watu. Siasa hajui.

Sasa sikiliza, shajara. Shamba langu liko kando ya barabara ya Kasaji. Bustani zake ziko bondeni kabisa. Gari ya Honorable itapita kwangu kwanza! Ataona langu, atasahau lake. Tatizo ni moja tu, tena dogo. Shamba langu halina kitu. Kuna mabua makavu ya mwaka jana, mbuzi wa jirani, na katikati kichuguu kikubwa kama nyumba ya chumba kimoja.

Jumanne, 14 Oktoba

Wazo limekuja nikiwa naoga. Mawazo yangu mazuri yote huja nikiwa na sabuni machoni.

Mahindi hayaoti kwa siku chache, sawa. Lakini nani amesema lazima yaote kwangu? Shemeji yangu Dimitri, kaka yake Brigitte, ana mahindi ya kumwagilia kando ya mto. Mabichi, marefu, yananing'iniza nywele. Nitayang'oa na mizizi, nitayapanda upya shambani kwangu, Honorable atapita, atashangaa. Mahindi mabichi mwezi wa kumi, barabarani, kwa jitihada za mtu mmoja! Nani atapeleka pesa kwenye rond-point baada ya hapo?

Nimekwenda kwa Dimitri. Amekataa. Nikamweleza habari ya taifa na ya njaa. Amekataa tena. Halafu akatazama chini, kwenye miguu yangu. Viatu vyangu vya ngozi ya mamba, vya ubatizo wa binti yetu Jémima, vyenye ncha! Nimemwambia hapana, hata kufa. Tumekunywa munkoyo kidogo. Pombe ile ya mahindi ilipokwisha, nimerudi nyumbani pekupeku.

Lakini mahindi ninayo. Yanakuja kesho kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Badala ya viatu nitavaa kandambili nyeusi, na Honorable hatatazama chini. Watu wakubwa hutazama mbele.

Brigitte ameniuliza viatu viko wapi. Nimesema vinapumzika.

Jumatano, 15 Oktoba

Siri ndiyo mama wa ushindi. Mama Bilonda hupita pale kila asubuhi na beseni lake la mboga kichwani. Akiona napanda mahindi yenye mashuke tayari, atacheka mpaka beseni lianguke, na soko zima litajua kabla ya saa sita. Kwa hiyo nimezungushia shamba turubai, ile bâche ya rangi ya chungwa. Nguzo pande zote, turubai juu kuliko kichwa cha mtu. Hata mbuzi haoni ndani.

Nimechimba mashimo kutwa nzima peke yangu. Mgongo umelia, lakini nilikuwa nimefurahi, nikapiga na mluzi. Udongo uliozidi nimeutia kwenye mifuko myeupe, nikaipanga kando ya barabara, nikaifunga midomo vizuri kwa kamba. Mimi ni mtu wa usafi.

Wapita njia walisimama. Mmoja akaniita tata, baba, akauliza nafanya nini humo ndani. Nikatabasamu tu, nikasema ataona Jumamosi. Akatazama turubai, akatazama mifuko, akaondoka haraka bila kuaga.

Jioni Brigitte ameleta chakula. Bukari, ugali wetu wa huku, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wawili wa kukaanga. Sijala sombe tamu hivyo tangu Pasaka. Ameiangalia turubai muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Tata Jémima, huku Kolwezi, muntu akizungusha bâche mu parcelle yake, akipanga na mifuko inje, bantu banafikiri nini?"

Nimesema wanafikiri huyo ni mtu wa mipango. Ameokota sahani, amekwenda zake. Wanawake hawapendi kushindwa katika mazungumzo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku ya heshima! Kampeni yangu ya kilimo inafanya kazi, na hata sijaitangaza.

Asubuhi muuza duka, ambaye mwezi mzima alikuwa akinijibu kwa nyusi, amenipa sukari na kusema tutaelewana baadaye. Pasta amenitembelea bila kuitwa. Ameombea kazi ya mikono yangu, kisha akaombea paa la kanisa, kwa sauti kubwa zaidi. Binamu yangu wa Musonoi ameniletea kuku. Hatujaonana miaka mingi. Amesema damu ni damu, na akauliza kama turubai ina mlango.

Hata watu nisiowajua wananiamkia mpaka chini. Huko nyuma waliniita Tshilombo wa mbuzi. Leo ni Président, Président, toka nyumbani hadi barabarani. Nimemwonea Mama Bilonda huruma.

Mahindi yamepandwa yote. Yanapendeza, ukiyatazama kwa mbali kidogo. Ukikaribia, yameinama kama watu walio katika ibada ndefu. Nimeyamwagilia, nikayafunga moja moja kwenye vijiti.

Mchana amekuja mtu mmoja mwenye mabega mapana, Mechack, na wenzake kadhaa. Ni wachimbaji, wamezoea mashimo ya Mutoshi. Wamevua kofia. Mechack amesema wamesikia kuna kazi hapa, na wao hawana makuu, watakubali masharti yangu. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kuliandika. Vijana wanaacha mashimo, wanarudi kwenye ardhi! Haya ndiyo Honorable anapaswa kuyaona. Nimewaambia waje kesho na vifaa vyao, na kama wana marafiki, waje nao.

Wakatazamana. Mechack amenishika mkono kwa mikono miwili. Amesema hajawahi kuona mwenye shamba mkarimu namna hii.

Jioni tumekula kuku wa binamu. Brigitte amekula shingo. Mimi nimekula paja na kidari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Yesu wangu.

Nimefika shambani jua limechomoza tu. Sikuliona shamba. Niliona watu. Wengi sana! Wenye sururu, wenye koleo, wenye taa za kichwani mchana kweupe. Akina mama walikuwa wanakaanga mikate kando ya barabara. Mtu mmoja ameweka meza ya kuchajia simu. Mwingine ameweka mizani chini ya mwavuli na kusubiri kununua. Kununua nini? Nikamwuliza. Akanikonyeza jicho.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanadhani nina madini ya kobalti! Turubai, mifuko, ukimya wangu, yote wameyasoma kama inavyosomwa Kolwezi nzima. Huku mtu akificha shamba, amepata jiwe. Mimi nilikuwa nikifikiria mahindi, sikuwa na nafasi ya kufikiria kitu kingine.

Nimepanda juu ya kichuguu. Nimepiga kelele kwamba humu hamna kitu, ni mahindi tu, na hata hayo ni ya shemeji. Watu wote wakanigeukia. Kisha wakaanza kuchimba kwa nguvu zaidi. Nimemshika Mechack, nimeapa kwa jina la marehemu mama yangu. Amenijibu kwa upole kabisa:

"Tata, kila muntu mwenye kupata anasema hakuna kitu. Angekuwa hana, angesema iko mingi."

Nikapanda tena kichuguu ili wanisikie. 

Mahindi yangu waliyang'oa na kuyarusha nje, mbuzi wakala hadi nywele. Viatu vyangu vya mamba vimeingia tumboni mwa mbuzi wa jirani! Nami pale juu, nikajikuta nateremka pole pole bila kutembea. Walikuwa wameanza kuchimba kichuguu chini yangu.

Mama Bilonda alipita na beseni lake. Alisimama. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Aliuliza tu hawa watu wamekula nini tangu asubuhi. Nikasema sijui, mimi si mpishi wao. Akaenda zake anahesabu kwa vidole.

Nimerudi nyumbani nimekaa. Kesho Honorable anakuja, na mahali pa shamba kuna mashimo. Atasema wakulima wenyewe wamegeuka wachimbaji, basi fungu la kilimo la nini. Trekta itakwenda, mbegu zitakwenda. Akina mama wa bondeni watalima kwa mkono, na itakuwa kwa ajili yangu. Nimejisikia vibaya, vibaya sana, karibu saa nzima. Kisha Brigitte alileta viazi vitamu vya kuchoma, na dunia ikarudi mahali pake kidogo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya posho, kama tunavyoiita Jumamosi huku. Nitaandika yote, hata yale mabaya.

Nilifikiria kuondoa bango langu barabarani, lile lililosema KARIBU HONORABLE, SHAMBA LA MFANO. Mtu mmoja alikuwa ameshalitumia kutandika chini na kulala. Lakini herufi zilionekana vizuri. Gari ilisimama.

Honorable Mushiya ameshuka, mama mfupi, miwani, kitenge cha kijani, na polisi wawili nyuma yake. Nimekwenda mbele na kandambili zangu. Nimenyoosha mkono. Akanipita! Amekwenda moja kwa moja kwa Dimitri, aliyekuja kutazama, amesimama kando ya barabara na viatu vya mamba vinang'aa. Amemwita Président. Dimitri amesema karibu mama, bila haya yoyote. Ilibidi Brigitte amvute sikio ndipo akanionyesha kwa kidole.

Honorable ameuliza hili ndilo shamba la mfano? Nimesema ni maandalizi. Ameuliza maandalizi ya nini, maziko? Mashimo yalikuwa kila mahali. Kando ya kila shimo, watu wamekaa juu ya udongo, wamechoka, wekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole. Walikuwa wamechimba tangu jana, hawakupata hata jiwe la kujikunia mguu. Mwenye mizani alikuwa ameshafunga mwavuli. Walianza kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilisogea karibu na polisi.

Honorable alikunja uso. Alisema yeye alikuja kuona kilimo, na kama hiki ndicho kilimo chetu, afadhali rond-point, angalau watu watapiga picha. Alishika mlango wa gari.

Hapo Mama Bilonda akatokea kutoka bondeni. Nyuma yake akina mama wote wa bustani, masufuria vichwani. Kule chini walikusudia kumpikia Honorable sahani moja tu ya mgeni, lakini tangu jana wakaongeza hesabu ya wachimbaji. Bukari ya mahindi yao, lengalenga, maharage, kabichi na nyanya. Hawakuuliza kitu. Wameweka chini, wameanza kugawa. Wachimbaji walinawa mikono kwa maji ya sacheti, wakala.  Ulisikia vidole tu.

Honorable naye alipewa sahani. Alikula akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye mmoja wa mifuko yangu. Alimwuliza Mechack kama wamepata kitu humo ndani. Mechack alisema, tumepata hii bukari, mama.

Mama Bilonda hakuwa na hotuba. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akasema hivi, nami naandika alivyosema, kwa sababu sikuweza kusema vile:

"Honorable, aba bote beko nachimba, na bote banakula. Unga ya hapa mujini iko natoka Zambia. Siku mupaka utafungwa, tutapika nini? Tutapika rond-point?"

Honorable alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama watu wote wale wakilamba vidole, muda mrefu. Akaomba aongezwe lengalenga.

Baadaye alitaka kwenda bondeni, akaenda, kwa miguu, akaona yote. Matuta, mifereji, mahali trekta ilipolima mwaka jana na mahali ambapo haikufika. Kabla ya kuondoka aliwaambia polisi kila mtu afukie shimo lake. Hakuna aliyebisha, maana tumbo lililoshiba halina ugomvi. Wamefukia, wamesawazisha, na udongo wote wa kichuguu wakausambaza shamba zima. Udongo wa kichuguu! Kila mtu hapa anajua, huo ni mbolea isiyo na mfuko. Miaka yote nilishindwa kukivunja. Sasa shamba langu limepinduliwa chini juu, laini, jekundu, kuliko trekta yoyote ingeweza.

Mechack alipoaga hakunipa mkono. Lakini alimwuliza Mama Bilonda kama kule bondeni bado kuna kipande cha bure.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza usiku, na habari njema asubuhi! Redio imesema kamati imeliacha fungu la kilimo mahali pake. Halikuguswa. Rond-point itasubiri. Honorable Mushiya alisimama mbele ya wenzake akawauliza kama watapika rond-point, na wote wakacheka, kisha wakapiga kura. Trekta inakuja wiki ijayo, na itaanza bondeni.

Ushirika umefanya sherehe kwa Mama Bilonda. Wamemwimbia, wamemvika shada la majani ya kabichi. Nimepiga makofi kwa moyo wote, kweli kabisa. Bila yeye nisingekuwa na mbegu mkononi. Halafu nimejiuliza kwa utulivu: bila umati ule, Honorable angeona nini? Angeona bustani na mama mmoja. Na umati ule nani aliuita? Nimemwambia Brigitte kwamba kushawishi serikali ni kazi ya watu wawili, mmoja wa kuleta watu na mmoja wa kuleta sufuria. Amesema ndiyo, na amecheka mpaka akakaa chini. Anafurahi kuona mume wake ameelewa siasa.

Nimepanda mahindi leo. Mbegu halisi, kwa mikono yangu, kwenye udongo wa kichuguu. Harufu ya ardhi iliyolowa, Brigitte mbele anachimba, mimi nyuma nadondosha punje na kufukia kwa mguu. Sitaki kitu kingine duniani. Labda viatu.

Jumatatu, 3 Novemba

Redio tena! Tangu Jumamosi inasema safari hii wanataka kupunguza fungu la ufugaji wa samaki. Sina samaki. Lakini Dimitri ana bwawa.

Wazo limekuja nikiwa naoga. Nitachimba bwawa kona ya shamba, nitaazima samaki wakubwa wa Dimitri kwa siku moja, Honorable atapita. Dimitri amekataa. Halafu ametazama suti yangu. Tumekunywa munkoyo kidogo.

Kosa la mara ile nalijua sasa, nimelifikiria sana. Turubai ilikuwa fupi. Kuna mtu alichungulia. Kwa hiyo jana, Jumapili baada ya ibada, nimezungusha mbili, moja juu ya nyingine, na udongo wa bwawa nimeutia kwenye mifuko myeupe, nikaifunga midomo vizuri. Aliyeniuliza nachimba nini nimemwambia hakuna kitu.

Kampeni imeanza vizuri. Asubuhi hii muuza duka amenipa sukari, na pasta yuko mlangoni.